Maswali ya Wasomaji: Kusomea Muziki na Sauti Mpaka PhD

Toleo lililopita tuliuliza nani kati yenu anafikiria kurudi chuo kufanya utafiti wa muziki ama wa sauti, masta ama PhD, na barua zimekuja mpaka meza imejaa, nyingi zimetoka upande wetu huu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma. Siwezi kuzijibu zote kwa kurasa hizi chache kwa hivyo nimechukua zile zinazouliza kile wengi wenu mnauliza, na majina nimeyaacha nje.

SWALI: Hujambo Mwalimu. Mimi nafunza muziki na Kiswahili sekondari moja huku Kimilili. Nataka kufanya masta halafu PhD kuhusu muziki wa Wabukusu. Nilienda kuona lekchara mmoja akaniambia mada yangu ni pana sana, nikaenda nikapunguza nikaandika "Litungu katika jamii ya Wabukusu", ile ala yetu ya nyuzi, akasema bado ni pana. Sasa sijui wanataka nini. Na je, niende Maseno, ama nitafute Nairobi, ama nje kabisa? *Mwalimu wa Muziki, Kimilili*

JIBU: Mwalimu mwenzangu, huyo lekchara amekuambia ukweli, shida ni kwamba amekuambia nusu akakuachia njiani. Ulichoandika ni mada, na mada hata uipunguze namna gani inabaki mada. Kinachofanyiwa utafiti ni swali. Ukisema "litungu katika jamii ya Wabukusu" hakuna kitu umeuliza, kwa hivyo hakuna mtu anaweza kujua siku gani umepata jibu, hata wewe mwenyewe, na ndiyo maana watu wanakaa na masta moja miaka sita.

Chukua mfano huu. Wapigaji litungu wengi siku hizi wanaishia studio, Bungoma mjini ama Webuye, na studio iko na kinanda, na kinanda hakibadilishi noti zake kwa sababu mzee amefika. Kwa hivyo kuna mtu lazima akubali kufuata mwenzake. Sasa wewe nenda ukae na mpigaji mmoja nyumbani kwake kabla hajaanza kupiga, usimwulize chochote, angalia tu vile anatuni. Anagusa uzi, anausikiza, anaimba chini chini maneno mawili matatu ya wimbo, anakaza kidogo, anagusa tena, anarudi kwa ule wa kwanza. Halafu siku nyingine mfuate studio umwone huyo huyo akitafutiwa noti na kijana wa kinanda. Swali lako liko hapo katikati: tuni ya litungu inabadilika vipi ikiingia studio, nani ndiye anaamua, na zile nyimbo za zamani ambazo hazikai vizuri kwa tuni mpya zinaenda wapi? Hilo unaweza kulipima uzi kwa uzi kwa kompyuta, unaweza kuwauliza wapigaji na maprodyusa, unaweza kulinganisha na rekodi za zamani, na linaweza kuisha kwa muda wa masta. Sisemi ulichukue hilo, lako litatoka kwa kile kimekuwa kikikusumbua masikio miaka hii yote ukifunza, lakini liwe la umbo hilo.

Na usiogope eti swali dogo litakufanya uonekane mdogo. Washington Omondi, mmoja wa wale watu watano waliotengeneza wimbo wetu wa taifa 1963, alimaliza PhD yake Chuo Kikuu cha London 1980 kwa kuandika kuhusu thum, yaani nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ala moja, jamii moja. Jean Kidula, Mkenya aliyefunza miaka mingi Chuo Kikuu cha Georgia huko Marekani, alichimba nyimbo za kanisa za Walogooli, watu wa Vihiga hapo, na kitabu chake kilichotoka 2013 kinasomwa na watu ambao hawajawahi kusikia Mbale iko wapi. Wote wawili walianza na kitu cha nyumbani, wakaenda chini sana.

Kitu kingine, kabla hata hujajaza fomu, anza kujifunza kupiga litungu yenyewe. Mantle Hood, mtafiti wa muziki wa Marekani, aliandika hivyo 1960, kwamba mtu anayetafiti muziki wa watu ajifunze kuupiga, na mpaka leo mimi naona hakuna ushauri umepita huo. Kuna vitu mzee hatakuambia ukimwuliza lakini atakuambia ukikosea.

Sasa vyuo. Maseno wako na idara ya muziki na tamthilia na iko hapa karibu, Kenyatta iko na idara ya muziki na densi, Kabarak kule Nakuru wanafunza muziki pia, na usisahau Makerere, kwa sababu ukiwa Kimilili Kampala iko karibu kuliko Nairobi na pale kuna akaivu, hifadhi ya rekodi za muziki, yenye jina la Klaus Wachsmann, yule aliyezunguka Uganda akirekodi. Lakini usichague chuo kwa jina la geti. Chagua supavaiza. Soma tasnifu ambazo amesimamia, utazipata kwa tovuti za maktaba za vyuo bure kabisa, halafu tafuta wanafunzi wake wa sasa uwaulize kitu kimoja tu, akipewa sura anarudisha baada ya muda gani. Supavaiza mwenye jina kubwa ambaye anakaa na sura yako mwaka mzima atakumaliza. Ukishapata wa kukufaa mwandikie ukurasa mmoja, swali lako, kwa nini linafaa kuulizwa sasa, utaongea na nani na utarekodi wapi, umesoma nini tayari. Ukurasa mmoja, Mwalimu. Watu hutuma kurasa kumi na tano na hazisomwi.

SWALI: Niaje Mwalimu, mimi ni prodyusa hapa Kondele, Kisumu, digrii yangu ni ya IT lakini kazi imekuwa studio tu, benga, ohangla, injili, kila kitu. Nataka kusoma mambo ya saundi mpaka juu kabisa lakini sijui kusoma noti na kila mtu ananiambia bila noti chuo hawawezi nichukua. Ni ukweli? *Prodyusa, Kondele*

JIBU: Ni ukweli kwa milango mingine na kwa mingine si ukweli, kwa hivyo kwanza jua unabisha mlango gani. Ukitaka masta ya utunzi ama ya kufunza muziki utaulizwa noti, tena siku ya kwanza. Lakini utafiti wa sauti ni uwanja mwingine na ni mpana kuliko vile watu wanadhani. R. Murray Schafer, mtunzi wa Kanada, alianzisha na wenzake pale Chuo Kikuu cha Simon Fraser mradi wa kusikiliza miji na vijiji vyenyewe, kengele, magari, maji, watu, wakaanza kuuliza mahali pana sauti gani na nani anapoteza nini sauti ikibadilika. Steven Feld, mtafiti wa Marekani, alikaa na Wakaluli wa msituni Papua New Guinea akaonyesha vile watu wanaweza kujua dunia yao kwa masikio kabla ya macho, ndege na maporomoko ya maji yakiingia mpaka kwenye nyimbo na kilio chao. Hapo hakuna mtu alianza kwa kuuliza kama unajua kusoma noti.

Na wewe ndugu yangu unaishi Kondele! Simama pale jioni usikie, maspika ya maduka, makanga wakiita, krusedi, pikipiki, baa zikianza kupima vyombo. Kenya iko na kanuni za kelele tangu 2009 lakini kati ya kile kanuni inaita kelele na kile mtu wa Kondele anaita uhai wa mtaa kuna utafiti mzima umelala na sijaona mtu ameuamsha vile unafaa.

Ama uchukue kazi yako mwenyewe. Ohangla ilikuwa ngoma, ngozi ya kenge imewambwa, mikono na fimbo juu yake, na leo mahali pengi ile ngoma inatoka kwa kinanda, na waliofanya hiyo kazi ya kuihamisha ni maprodyusa kama wewe, usiku, wakiamua ni mlio gani wa ngoma unaingia na upi unatupwa. Uamuzi huo wote haujaandikwa mahali, uko kwa vichwa vyenu na kwa mahadidiski ambayo yanakufa. Mtu mwenye digrii ya IT na masikio ya studio ndiye anafaa kuandika hayo. Profesa wa noti hataweza bila wewe.

Kuna pia njia ya kufanya utafiti kupitia kazi, vyuo vingi vya Uingereza na Australia wanaikubali, ambapo unatoa rekodi ama kazi za sauti ulizotengeneza pamoja na maandishi yanayoeleza ulikuwa unauliza nini na ukapata nini. Hapo nikuonye kabisa. Albamu nzuri haiwi PhD kwa sababu ni nzuri. Lazima kuwe na kitu hakikuwa kinajulikana kabla hujaitengeneza na sasa kinajulikana, na uweze kukiandika kwa sentensi zilizonyooka. Maprodyusa wengi wanakwama hapo, wako na kazi safi lakini hawajazoea kuandika. Anza leo, kila sesheni ikiisha andika nusu ukurasa, nini kilibadilishwa, nani alisema kibadilishwe, kwa nini.

Kwa sababu digrii yako si ya muziki utaanza na masta, usijaribu kuruka. Na programu za kuanzia ni za bure: Sonic Visualiser, ambayo ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, inakuonyesha wimbo kwa picha uone kila mlio umekaa wapi, Praat inapima sauti ya mtu, na ELAN inakusaidia kuandika maneno na matendo pembeni ya video. Halafu hizo noti jifunze tu pole pole, si ngumu hivyo, mtu anayejua kupanga midi, zile noti za kompyuta, anajua nusu yake tayari.

SWALI: Mwalimu, nimemaliza masta na nimepata admishoni ya PhD chuo kimoja Uingereza, mada yangu ni nyimbo na ngoma za Akorino wa Nakuru, wale waumini wa vilemba. Wamenipenda, supavaiza amenijibu vizuri sana, lakini barua inasema nijilipie. Mume wangu ako tayari tuuze ploti yetu ya Kiamunyi. Tuna watoto wawili. Niambie ukweli. *Mama wawili, Nakuru*

JIBU: Dada yangu, msiuze ploti.

Hongera kwanza, kukubaliwa si jambo dogo na hiyo mada ni tamu sana, Akorino wameimba na kupiga ngoma hapo Nakuru miaka na miaka na maandishi ya muziki wao ni machache. Lakini hesabu iko hivi. Mwanafunzi wa kutoka nje kwa kozi kama hiyo Uingereza hulipa karo inayopita shilingi milioni mbili kwa mwaka, PhD ni miaka mitatu na wengi wanaingia wa nne wakiandika, na hapo hujakula, hujalipa nyumba, visa, tikiti, wala hujagusa watoto. Ploti moja itakufikisha katikati halafu utarudi bila ploti na bila PhD, na katikati ndio mahali pabaya zaidi pa kuishiwa.

Barua ya kukubaliwa na barua ya pesa ni vitu viwili. Andikia chuo uombe waahirishe nafasi yako mwaka mmoja, wengi hukubali, na huo mwaka ufanye kazi moja ya kutafuta pesa. Skolashipu ya Commonwealth, ya nchi za Jumuiya ya Madola, imewahi kuchukua Wakenya kwa PhD na kulipa karo, tikiti na pesa ya kuishi, maombi yake mara nyingi hufunguliwa karibu Septemba na Oktoba, na kumekuwa na aina yake nyingine ambapo unasajiliwa chuo cha nyumbani halafu unaenda kukaa Uingereza muda usiopita mwaka mmoja, hiyo mimi naona inakufaa zaidi wewe na watoto. DAAD, shirika la skolashipu la Ujerumani, wamesaidia Wakenya wengi, hata wanaosoma hapa hapa. Skolashipu ya Chevening usipoteze wakati nayo, ni ya masta ya mwaka mmoja.

Marekani ni mambo tofauti kabisa na wengi hawaelezwi. Kule PhD ya muziki ni miaka mitano kwenda juu kwa sababu unaanza na madarasa, unafanya mitihani mikubwa, ndipo uende nyanjani, lakini idara zenye uwezo kwa kawaida hazikuchukui bila kukulipia karo na kukupa kazi ya kusaidia kufunza ili upate mshahara. Kwa hivyo miaka ni mingi lakini mfuko wako unapumua. Kuna skolashipu ya Fulbright pia. Idara ikikukubali bila pesa, soma hiyo barua kama kukataliwa kwa upole.

Na nikuulize kitu nikiwa na heshima zote, waimbaji wako wako wapi? Wako Nakuru. Wako Njoro, wako Molo, wako mtaa wa pili na kwako. Ukisajiliwa hapa nyumbani utaenda ibadani wiki baada ya wiki miaka mitatu, utajua ngoma inaanza kupigwa na nani na inanyamazishwa na nani, utakaa mpaka wasahau kwamba unaandika. Yule aliyesajiliwa Uingereza atakuja miezi minane akihesabu siku za tikiti. Kitu Uingereza iko nacho ni maktaba, akaivu na watu wa kubishana nao, na hivyo vyote unaweza kuvifuata kwa hiyo safari ya mwaka mmoja. Kama ni mimi ningefanya hivyo. Lakini wewe ndio unajua nyumba yako.

SWALI: Mwalimu, yangu ni malalamiko. Kitambo kijana mmoja wa chuo alikuja kwetu Shinyalu akarekodi baba na wazee wenzake wakipiga ngoma za isukuti siku nzima, akala kwetu, akaahidi kurudi na rekodi. Hakurudi. Baba amefariki na hatuna hata sauti yake. Sasa mwingine amepiga simu anataka kuja. Wazee wanasema afukuzwe. Wewe unasema aje? *Binti wa mpiga isukuti, Shinyalu*

JIBU: Pole sana, dada, kwa baba. Na pole kwa hiyo ahadi. Nimesoma barua yako nikaiweka chini nikairudia, kwa sababu nikiangalia barua zote zingine kwa hii meza, watu wote wanaouliza vile wataingia chuo, yako ndiyo nataka waisome kwanza.

Tuanze na sauti ya baba, kwa sababu inaweza kuwa bado iko. Kijana kama alimaliza, tasnifu yake iko maktaba ya chuo chake na siku hizi nyingi zimewekwa mtandaoni, kwa hivyo tafuta kwa kuandika isukuti, Isukha, Shinyalu, na jina la baba, wengi hutaja walioongea nao. Ukiipata, ukurasa wa mbele una jina lake na la supavaiza. Andikia idara, si yule kijana pekee yake, sema mnaomba nakala ya rekodi za siku fulani za mzee fulani, na mtaje kwamba familia ndiyo inaomba. Idara yenye aibu itamtafuta.

Na usikubali mtu akuambie muda umepita. Hugh Tracey, mkusanyaji wa rekodi za muziki wa Afrika, alipita Kenya 1950 akirekodi, akafika Kapkatet huko Kericho, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba, sauti hizo zikaenda zikakaa Afrika Kusini kwa akaivu aliyoianzisha 1954, ikajulikana kama ILAM, na watu duniani wakawa wanazisikiza na waliozitoa hawajui. Ilichukua zaidi ya miaka 60 lakini ILAM pamoja na Ketebul Music, shirika la muziki la Nairobi, walizirudisha, wakatafuta vijiji na familia, na kuna wazee walijisikia wakiwa vijana. Kama rekodi za 1950 zimerudi, ya baba yako iko na njia.

Sasa huyu anayekuja. Msimfukuze kabla hamjamsikiliza, kwa sababu isukuti yenyewe inahitaji watu wa kuiandika. UNESCO waliiweka 2014 kwa orodha ya mila zinazohitaji kulindwa haraka, isukuti ya Waisukha na Waidakho, maana wanaoijua vizuri wanazeeka na vijana hawachukui. Lakini aje kwa masharti yenu. Mwombeni kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na utafiti, hicho kila mtafiti anafaa kuwa nacho, na barua ya chuo yenye namba ya supavaiza, na mpige hiyo namba akiwa ameketi hapo. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha ambayo wazee wanaelewa, si kuwekewa tu kidole. Na wazee wajue wanaweza kukubali hiki na kukataa kile: kurekodi kwa masomo ni kitu kimoja, kuweka YouTube ni kingine, kuuza ni kingine tena, kila kimoja kiulizwe peke yake. Kuna sheria ya 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii na inasema wazi kwamba jamii inafaa kuelezwa na kukubali kabla, kwa hivyo mkiuliza hivyo hamsumbui mtu.

La mwisho na ndilo kubwa, nakala ibaki siku hiyo hiyo. Sio "nitawatumia". Saa moja ya rekodi nzuri ni kama gigabaiti moja tu, flashi ndogo inabeba siku nzima ya isukuti, zile ngoma zake tatu, inayoitwa baba, inayoitwa mama na inayoitwa mtoto, zote, na sauti za wazee wakiongea katikati, ambazo ndizo mtazilia baadaye. Aje na flashi mfukoni, ainakili mbele yenu kabla hajapanda boda. Na wewe mwanafunzi unayesoma hii jibu la mtu mwingine, weka hizo flashi kwa bajeti ya propozo yako, andika kabisa, na ukiweza weka pia siku moja ya kurudi kuwasomea wazee kile umeandika juu yao kabla hujakitetea chuoni, kwa sababu watakurekebisha mahali ambapo jopo lote la maprofesa halingejua umekosea.

SWALI: Nimeanza masta Maseno, naenda nyanjani kurekodi nyatiti Siaya. Naweza kutumia simu? *Mwanafunzi, Maseno*

JIBU: Simu iwe ya dharura na ya picha. Azima ama nunua rekoda ndogo ya mkono, hata ya mitumba, uiweke WAV, faili isiyobana sauti, ya bit 24 na kiwango cha 48 kHz, hicho ndicho cha chini akaivu za sauti wanapendekeza, na usirekodi MP3 hata nafasi ikiwa kidogo. Vaa hedifoni kila wakati, maikrofoni inasikia friji na mabati yenye mvua ambayo wewe umeshazoea. Upepo wa ziwa unaharibu rekodi kuliko kitu kingine chochote, nunua lile koti la manyoya la maiki. Na kwa nyatiti, usiweke maiki juu pekee kwa nyuzi nane ukafikiri umemaliza. Jathum, yaani mpiga nyatiti, amevaa oduong'o, ile pete ya chuma kwa kidole cha mguu, anagonga nayo ala, na gara, njuga zake, kwa mguu zinalia, hiyo ndiyo ngoma yake yote. Weka maiki mahali inashika mkono, mguu na mdomo, jaribu mara mbili tatu ukisikiza, na umwombe huyo mzee asikize pia akuambie kama ndivyo anavyojisikia yeye. Ukifika nyumbani usiku nakili mara mbili sehemu tofauti kabla hujalala. Na kila ukianza kurekodi, sema kwa sauti tarehe, mahali na nani anapiga, faili zisipotee jina.

SWALI: Kijana wangu amemaliza digrii ya muziki, anapiga kinanda kanisani na kwa harusi. Sasa anasema anataka masta na PhD ya huo huo muziki. Mimi ni mzazi wa kawaida hapa Nyalenda, Kisumu, nauliza tu, atakula nini? Nimemwambia auze kinanda alipe kozi ya maana. *Baba, Nyalenda*

JIBU: Mzee wangu, swali lako ni halali na vijana wengi wanakasirika wakiulizwa lakini wanafaa kuulizwa. Nitakuambia kama ilivyo. Kazi ya kudumu chuo kikuu siku hizi inadai PhD, bila hiyo utafunza kwa vipindi, na malipo ya vipindi huchelewa mpaka mtu anakopa nauli ya kwenda kufunza. Nafasi zenyewe za muziki si nyingi. Kwa upande mwingine mtaala mpya umeleta njia ya Sanaa na Michezo kwa sekondari ya juu, darasa la kumi la kwanza limeingia Januari 2026, na shule zinatafuta walimu wa muziki wanaojua wanachofanya na hawapatikani haraka. Akaivu, redio, studio na makumbusho pia wanachukua watu wa utafiti wa sauti, mmoja mmoja, si kwa wingi.

Kwa hivyo mimi ningepanga naye hivi. Afanye masta hapa nyumbani akiwa anafanya kazi, wikendi na likizo, karo mgawane, na awe na usajili wa TSC, tume ya walimu, kama digrii yake ilikuwa ya ualimu, kama sivyo aongeze hiyo diploma ya ualimu kwanza. PhD aifanye tu ikiwa kuna mtu mwingine analipa, skolashipu ama chuo, na amwambie hivyo supavaiza mapema. Deni la PhD lisiingie kwa nyumba yako. Kinanda asiuze, baba, harusi mbili kwa mwezi ndizo zitakuwa zinamlipia nauli ya kwenda Maseno.